Jazi iingie somo la historia, lakini isilainishwe

Katika shule za kati za Marekani, zenye watoto wa miaka 11 hadi 14, wapo walimu wanaofundishia historia ya nchi kwa muziki wa jazi. Wapo pia wanaosema jazi ibaki chumba cha muziki. Niko na wale wa kwanza, ingawa hoja za wenzao zina uzito.

Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi aliyekuja kuwa nyota wa jazi, alikuwa na miaka 11 alipokamatwa New Orleans kwa kufyatua bastola mtaani katika mkesha wa mwaka 1913. Akapelekwa kwenye makao ya watoto weusi, na huko akafundishwa koneti, ala inayofanana na tarumbeta. Mwaka 1922 akaenda Chicago kujiunga na bendi ya King Oliver. Safari hiyo moja inambebea mwalimu mengi: ubaguzi wa kisheria wa Kusini, viwanda vya Kaskazini, na mamilioni ya Wamarekani weusi waliohama kutoka huku kwenda kule. Mwaka 1957, wanafunzi weusi walipozuiwa kuingia sekondari ya weupe huko Little Rock, Arkansas, Armstrong alimshutumu hadharani Rais Eisenhower na akakataa kuzuru Urusi ya Kisovieti kwa niaba ya serikali.

Wapinzani wanahofia muziki utageuzwa pambo la somo: dakika moja ya santuri, kisha kila mtu arudi kwenye kitabu. Hapo nawaunga mkono kabisa. Mtoto asikie kwanza wimbo mzima, asikie saksafoni na tarumbeta zinavyoitana na kuitikiana, ndipo aulizwe habari za miaka na sheria.

Hofu nyingine ni ukali wa historia yenyewe. Tangu 2021 majimbo kadhaa yamepitisha sheria zinazobana ufundishaji wa masuala ya rangi, na mwalimu mwenye wasiwasi huona salama kuishia kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1938, kiongozi wa bendi mweupe Benny Goodman alipopiga na wanamuziki weusi jukwaa moja. Ni kweli ilitokea. Lakini katika klabu ya Cotton Club, huko huko New York, kiongozi wa bendi mweusi Duke Ellington alikuwa amepigia wateja weupe mahali ambapo weusi wenzake hawakuruhusiwa kuketi kama wateja. Kusimulia la kwanza na kuficha la pili ni kumdanganya mtoto.

Septemba 15, 1963, bomu la wabaguzi weupe liliua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, Alabama. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Siwezi kukubali kwamba watoto wa umri huo huo ni wadogo mno kuisikia habari yao. Miezi miwili baadaye mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi "Alabama", wimbo usio na maneno, na hilo ni msaada mkubwa: darasa linaweza kukaa na huzuni hiyo bila kuonyeshwa picha za kutisha. Wimbo alioimba mwimbaji wa jazi Billie Holiday mwaka 1939, kuhusu weusi walionyongwa mitini, ningeuacha hadi wafike sekondari, ila mwalimu anayewajua vizuri wanafunzi wake anaweza kuamua vingine.