Chanjo, Tarehe ya Kuzaliwa na Demensia

Aliyezaliwa Wales tarehe 1 Septemba 1933 hakupata nafasi ya kuchanjwa dhidi ya mkanda wa jeshi katika mpango wa serikali ulioanza 2013. Aliyezaliwa kesho yake aliipata. Mpaka huo wa kiutawala uliwapa watafiti kitu adimu: makundi mawili ya wazee wanaofanana karibu kwa kila hali, isipokuwa siku ya kuzaliwa. Walipitia kumbukumbu za matibabu za watu zaidi ya 280,000, na mwaka 2025 wakatangaza kwamba chanjo ile ilipunguza demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa takriban moja ya tano ndani ya miaka saba. Wanawake ndio walionufaika zaidi.

Kwa kawaida mzee anayekwenda kuchanjwa ndiye huyo huyo anayejali mlo, anayetembea kila asubuhi, mwenye binti wa kumkumbusha kliniki. Hujui kama kilichomkinga ni sindano au ni binti. Wales swali hilo lilipungua makali, maana hakuna aliyejichagulia tarehe ya kuzaliwa.

UK Biobank ni hazina ya taarifa za afya ya namna nyingine: Waingereza wapatao 500,000 waliojiunga kati ya 2006 na 2010, wakiwa na miaka 40 hadi 69. Damu yao imefundisha mengi. Mwaka 2024 ilionekana kuwa baadhi ya protini huashiria demensia zaidi ya miaka kumi kabla haijagunduliwa. Lakini katika kila watu 100 walioalikwa, walioitikia hawakufika sita, nao wana afya na hali nzuri kuliko majirani zao. Ubongo unaoitwa wa kawaida humo ni wa hao.

Ila hao wa UK Biobank walitia saini kukubali kuchunguzwa. Wazee wa Wales hawakuulizwa mmoja mmoja, na hapo ndipo penye ugumu: takwimu zao zina uzito kwa sababu hazikusubiri wa kujitolea. Mimi naukubali utaratibu wao, kwa kuwa majina huondolewa na mtafiti husoma ndani ya mfumo uliofungwa wa SAIL, hifadhi ya taarifa za afya katika Chuo Kikuu cha Swansea, bila kuondoka na taarifa ya mtu. Kufuli hilo likilegezwa, siukubali tena.

Na kumbukumbu za matibabu humjua aliyefika kwa daktari tu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta demensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Ilibidi kuwafuata vijijini. Bibi ambaye nyumbani wanasema "ni uzee tu" hana faili.