Usianze na Beowulf

Kila anayetaka kuonja fasihi ya Waanglo-Saksoni, watu waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 5, huelekezwa kwenye shairi la Beowulf, na wengi hawarudi tena. Siwalaumu. Ni mishororo 3,182 ya shujaa anayepambana na zimwi Grendel, kisha na mama yake Grendel, kisha na joka, huku msimulizi akikatiza kila mara kuingiza visa vya koo usizozijua. Msomaji huondoka akiamini kwamba watu hao walijua panga na mazimwi tu.

Mlango ninaoupendekeza mimi ni kitabu kinachotunzwa katika kanisa kuu la Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza. Kilinakiliwa karne ya 10, na Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, ndiye aliyekiachia kanisa hilo. Kimeteseka: kurasa za mwanzo zina alama za visu, pana doa la chombo alichokitua mtu juu yake, na kurasa za mwisho zimetobolewa na moto. Ndani yake mna vitendawili zaidi ya 90. Kimoja kinasimulia nondo aliyekula maneno, mwizi wa gizani aliyemeza utungo wa mtu asiongeze hekima hata chembe. Jibu ni mdudu alaye vitabu, ingawa nahisi mtungaji alikuwa akiwasuta wanafunzi wanaokariri bila kuelewa. Kingine kinaeleza kitunguu kwa namna ambayo siwezi kuirudia mbele ya wakwe. Na walioyahifadhi haya ni watu wa kanisa!

Humo humo mna shairi la mtu aliyefiwa na bwana wake, yaani mtawala aliyemtumikia, anayetangatanga baharini wakati wa baridi. Usingizini anaota amemkumbatia bwana wake na kumbusu, ameweka mikono na kichwa magotini pake kama zamani. Anazinduka, na mbele yake kuna ndege wa baharini wakioga na kutandaza mbawa, theluji ikianguka pamoja na mvua ya mawe. Bwana ndiye aliyekupa pete, silaha na nafasi ukumbini. Bila yeye huna kwenu.

Uhusiano huo wa bwana na watu wake Waanglo-Saksoni waliuleta kutoka kaskazini mwa Ujerumani na Denmark, walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi karne ya 5, baada ya jeshi la Roma kuondoka. Tungo zao zilikaa vinywani, zikighanwa kwa kinubi. Walikuwa na herufi za kuchonga kwenye mifupa na mawe, lakini vitabu vilikuja na kanisa, baada ya Papa Gregory kumtuma mtawa Augustine, aliyefika Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mwaka 597. Kwa hiyo karibu kila tulichonacho kimepita mikononi mwa makasisi na watawa. Wapo wanaotaka kuuchambua Ukristo utoke ili wabaki na upagani safi. Naona wanapoteza muda. Mtawa Bede, katika historia aliyoimaliza mwaka 731, anamtaja Caedmon, mchunga ng'ombe wa abasia, yaani makao ya watawa, iliyoongozwa na Hild huko Whitby, aliyekuwa akitoroka karamu kila kinubi kilipomkaribia. Akapewa wimbo ndotoni, akamsifu Muumba kwa sifa zile zile walizopewa watawala. Hapo huwezi kutenganisha kitu.

Wimbo wake unaanza hivi: Nu sculon herigean heofonrices weard, yaani sasa yatupasa kumsifu mlinzi wa ufalme wa mbinguni. Mshororo una vipande viwili, kama ukwapi na utao wetu, ila kina cha mwisho hakipo. Kinachovifunga ni sauti ya h inayogonga pande zote mbili. Sikio lililozoea vina litaona pengo mwanzoni, kwa hiyo msikilize mtu akighani kabla hujasoma kimya.

Nathari ya zama za Mfalme Alfred, aliyesimamia tafsiri za vitabu vya Kilatini baada ya Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, kuharibu abasia, ina faida zake, lakini inaweza kukaa kando.

Ukishapita Exeter, ifungue Beowulf kuanzia mwishoni. Shujaa ni mzee, ametawala miaka 50, na joka linapomwelemea wenzake wanakimbilia msituni isipokuwa Wiglaf. Mfalme akishakufa, Wiglaf anawageukia waoga na kuwaambia kwamba kugawiwa hazina na panga kumekwisha kwao, na ardhi ya jamaa zao itachukuliwa. Utaielewa adhabu hiyo bila kuhitaji maelezo ya pembeni. Grendel anaweza kusubiri.