Utosi Wangu Wajadiliwa Hadharani

Jana jioni kamati ya harusi ya mtoto wa marehemu kaka yangu ilitangaza, katika kundi la WhatsApp ambalo sikuomba kuingizwa, kwamba mashangazi wote watavaa sare ya kitenge cha bluu, na kwamba wote, "bila visingizio", watasuka rasta ndefu za rangi ya kahawia zinazofika kiunoni. Kuhusu kitenge sina neno, kwa kuwa nimekwisha kuzoea kununua sare zinazovaliwa siku moja na kuishia kuwa mapazia. Lakini hizo rasta tutazisuka juu ya nini? Katibu wa kamati ni binti mwenye nywele za kugawia watu watatu, na nadhani haijawahi kumpitia akilini kwamba rasta, kama nyumba, haisimamishwi mahali pasipo na msingi.

Mimi ni mstaafu, nina wajukuu, na heshima yangu hapa Kigoma inajulikana kutoka Mwanga hadi Ujiji. Kwa hiyo leo asubuhi niliingia saluni kwa utulivu unaostahili umri wangu, kilemba kikiwa kimefungwa barabara na pakiti za rasta zikiwa ndani ya mfuko mweusi ambao haumwonyeshi mtu kilichomo. Msusi, binti anayetafuna bigijii kwa bidii kuliko anavyosuka, aliniamkia vizuri: "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, nikaketi, nikatarajia kwamba angenipeleka kule nyuma palipo na pazia. Hakunipeleka. Alikifungua kilemba palepale mbele ya kioo, mbele ya wateja wote na mlango ukiwa wazi, kisha akanyamaza, na bigijii nayo ikanyamaza.

"Hebu njoo uone," akamwita mwenzake.

Mwenzake akaja. Wakanipasua njia utosini kwa ncha ya kitana, wakaipasua tena upande wa pili wakidhani huenda ya kwanza ilikosewa, na kote wakakuta ngozi ile ile. Njia yangu ya katikati, ambayo ujanani ilikuwa haionekani mpaka uitafute, sasa ina upana wa vidole viwili, na kule pembeni juu ya masikio mna vinyweleo vichache ambavyo msusi alivishika kimoja kimoja akivipima uaminifu.

"Mama, hapa pa kushikia hapapo," akasema, kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika mpaka stendi.

Nikamjibu kwa upole kwamba mimi sikuja kuulizwa habari za kichwa, nimekuja kusukwa, na kwamba msusi hodari hukamata hata unywele mmoja. Akasema unywele mmoja anaweza kuukamata, ila hautaweza kubeba rasta ya kufika kiunoni. Utang'oka kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, na mimi nitakuwa nadondosha rasta njia nzima wakati wa kupeleka zawadi. Kisha akanipa ushauri wa kitaalamu: "Nywele hizi zinatosha twende kilioni tu, tena isiyovutwa." Nikamwambia mimi ninakwenda harusini. Saluni nzima ikacheka, na hapo ndipo mjadala ulipohama kutoka kwangu na kuwa mali ya umma.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa chini ya draya alikitoa kichwa chake nje ili ashiriki vizuri. Akasema dawa ni maji ya kitunguu, upake usiku na ulale nayo, jambo ambalo linaweza kusemwa tu na mtu asiyeshiriki kitanda na mtu mwingine. Aliyekuwa akisubiri zamu akasema hapana, ni uwatu uliolowekwa. Msaidizi akasema mafuta ya nyonyo. Mama mwingine akawanyamazisha wote na kuuliza inakuwaje mtu akae Kigoma, katikati ya michikichi, na asijue mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa ya tunda lile lile ambalo nyama yake inatupa mawese. Nikamwambia mise ninayo, ninayapaka, na mpaka sasa kilichostawi ni foronya za mito. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akimsubiri mteja mlangoni, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akaingiza kichwa na kusema: "Bibi, si unyoe tu?"

Ningeweza kuyastahimili hayo yote. Lakini yule mama wa mise, kwa nia njema kabisa, akaamua kunifariji. Akasema nisijisikie vibaya, kwa sababu ana mpwa wake anayetembeza watalii Gombe, naye humwambia kwamba hata sokwe wakizeeka huota upara, na majike wakiwamo. Kimya kikatanda. Sasa, mimi nimezaliwa mkoa huu, ninajua kwamba sokwe wa Gombe wamechunguzwa tangu mwaka 1960 na kwamba hakuna jambo lao ambalo halijaandikwa. Nami ninakubali kwamba kuhusu upara anasema kweli. Ila kuna tofauti kubwa baina yangu na sokwe jike mwenye upara: yeye anaheshimiwa. Watu hupanda boti kutoka Kibirizi, hulipa kiingilio kikubwa, humtazama kwa umbali ulioamriwa, na hawaruhusiwi kumgusa. Mimi nilikuwa nimeshikwa kichwa na watu wawili, nao walikuwa wakijiandaa kunitoza pesa.

Na kweli walitaka kunitoza. Nilipoulizia bei nikitarajia punguzo, kwa kuwa nimeleta nywele za nusu kichwa, binti akasema bei ni ya kichwa kizima, tena inapaswa kuongezeka, maana nywele zikiwa chache kazi huwa kubwa. "Kichwa ni kichwa, mama," akasema. Tukabishana mpaka bigijii ikaisha utamu. Hatimaye nikakifunga kilemba changu, nikachukua mfuko wangu mweusi, nikaondoka na nywele zangu zile zile nilizoingia nazo, na nyuma yangu nikasikia wakiendelea kunijadili.

Mtu asiniambie habari za wigi. Nililivaa mara moja, upepo wa ziwa ukalichukua, nami nikalipata limelala juu ya dagaa wa watu walioanikwa, na mwenye dagaa akataka fidia.

Hospitali pia nilikwenda. Daktari, kijana mpole sana, alipima damu kuona kama imepungua, akaulizia tezi ya shingo, akakuta vyote vizima, kisha akaanza kunieleza kwamba kichwa cha mtu kina takriban nywele 100,000 na kwamba kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Nikamuuliza nani anayezihesabu. Akasema mwanamke akishakoma hedhi homoni ya estrojeni hushuka, nywele za utosini hukonda na kupungua, wakati zile za mbele kwenye paji kwa kawaida hubaki. Zile za pembeni zinazokatika, hizo ni za kuwalaumu wasusi wanaovuta mpaka macho yanapanda. Hapo nilimpenda kidogo. Kisha akataja dawa ya kupaka iitwayo minoksidili, ambayo asili yake ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, mpaka wagonjwa walioimeza wakaonekana wanaota vinyweleo mahali wasipovitarajia. Marekani iliiruhusu ipakwe kichwani mwaka 1988 kwa wanaume, na kwa wanawake mwaka 1991. Mnaona? Hata kwenye upara tulipangishwa foleni nyuma yao. Na ukiianza huiachi, maana ukiiacha hata zile ulizozipata hudondoka. Tena huweza kuotesha nywele usoni. Yaani nitoke nyumbani kwangu nikiwa sina nywele za kusuka, nirudi nikiwa na ndevu za kunyoa.

Linalonichoma zaidi ni kwamba upara wenyewe si aibu kwa kila mtu. Mume wangu alianza uwaraza kabla hatujahamia nyumba hii, ukarudi nyuma mwaka hadi mwaka mpaka ukakutana na kisogo, na hakuna kikao chochote kilichoitishwa. Kinyume chake, watu walianza kumwita mzee, wakampa kiti cha mbele misibani, na wengine wakaamini kwamba ana pesa, jambo ambalo mimi kama mke wake ningelifahamu wa kwanza. Kila mwisho wa mwezi huenda kwa kinyozi, hulipa bei kamili kwa ajili ya ukanda mwembamba unaozunguka masikio, husuguliwa kwa spiriti, kisha hurudi nyumbani na kusimama mlangoni akisubiri asifiwe.

Wiki hii nilianza kuona chupa yangu ya mise inashuka upesi kuliko ninavyopaka, ilhali mimi huyapima kwa kidole. Nikajificha nyuma ya mlango wa chumba. Mzee akaingia, akajimiminia kiganja kizima, akaupaka upara wake kwa mikono miwili, akajitazama kiooni kulia na kushoto, akaridhika. Nikamuuliza anatafuta nini, anataka ziote? Akasema la, ziote za nini, anataka ung'ae. Tangu hapo chupa inalala ndani ya sanduku la vitenge, na ufunguo ninatembea nao mimi.