Mwacheni Mtoto Ashike

Dada mmoja jirani yangu hapa Pasua alinionyesha taarifa ya maendeleo ya mwanawe wa miaka 3, iliyotoka katika chekechea moja ya mjini Moshi. Kwenye nyimbo na usafi mtoto alisifiwa, lakini chini kabisa mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba ni mtundu, anashikashika kila kitu, na kwamba mzazi ashirikiane na shule kumkomesha tabia hiyo. Mama wa watu aliona aibu kana kwamba mwanawe amekamatwa akiiba. Mimi nilipandwa na hasira, na mpaka sasa haijatulia, kwa sababu kosa analoshitakiwa mtoto yule ndiyo kazi yake ya kwanza hapa duniani.

Kichanga ukimgusisha kidole kiganjani hukibana papo hapo, bila kukusudia. Kati ya miezi 4 na 6 mbano ule hufifia, na mahali pake huja mkono wenye nia, unaonyooka kuvuta kanga ya mama na kuhamisha kijiko kutoka kiganja hiki kwenda kile. Anapokaribia mwaka mmoja, kidole gumba na cha shahada hukutana, na mtoto aliyeketi mkekani anaokota punje moja ya mchele ambayo watu wazima wote tumeipita. Hakuna aliyemfundisha. Amefika hapo kwa kushika, kuangusha, kutia mdomoni na kushika tena, mara nyingi kuliko uvumilivu wetu unavyoweza kuhimili.

Mpeleke mtoto huyo Kibosho kwa bibi yake, umwache kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, asubuhi moja. Bibi anapukuchua mahindi, naye anasukuma punje kwa kidole gumba mpaka moja ing'oke. Anagundua kwamba jani bichi la mgomba linateleza na lililokauka linakwaruza, kwamba utomvu wa ndizi hunata vidoleni na maji matupu hayautoi, kwamba udongo uliolowa hukubali kufinyangwa na uliokauka huvunjika. Anajaza maharage kwenye kikombe, anayamwaga kwenye sinia, anayarudisha, na kila akirudia anajua zaidi kuhusu kujaa, kupungua na uzito. Hesabu inaanzia pale. Kabla tatu haijawa alama ya chaki ubaoni, inapaswa kuwa maharage matatu yaliyokaa kiganjani, na mtoto ambaye hakuwahi kuyashika atakariri namba bila kujua anahesabu nini.

Jambo hili si geni. Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya watoto wadogo, mjini Rome mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Na hapahapa Moshi, masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema wamekuwa wakiwaandaa walimu wa chekechea kwa mfumo huo. Hatuwezi kusema kwamba habari hazijatufikia.

Badala yake, mtoto wa miaka 3 anakalishwa kwenye dawati na kutakiwa kujaza ukurasa mzima wa herufi moja. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida yote bado ni gegedu, kitu laini ambacho hakijawa mfupa na hakionekani kwenye eksirei. Hukomaa kuwa mifupa kamili, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huonekana mtoto akiwa tayari yuko shule ya msingi. Ndiyo maana madaktari hukadiria umri wa mifupa kwa kupiga picha ya mkono. Mkono huo ambao bado unajengwa unahitaji kufinyanga, kukamua, kurarua na kufungua vifuniko, ili upate nguvu ya kushika kalamu wakati wake ukifika. Tunaunyima kazi hizo, kisha tunamchapa mwenye mkono kwa sababu mstari wake umepinda.

Simu nayo haisaidii, kwa kuwa kioo chake ni laini vilevile, picha iwe ya paka au ya jiwe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mikono haiwezi kuachwa iende popote. Jiko la mkaa linaunguza, mafuta ya taa yamewekwa kwenye chupa ya soda, dawa ya kunyunyizia kahawa imeachwa kibarazani, na karanga inaweza kumkaba mtoto mdogo. Udongo una minyoo pia. Lakini hayo yote ni kazi ya mtu mzima: aondoe sumu, azungushie jiko kizuizi, amnawishe mtoto kwa sabuni kabla ya kula, ampeleke kliniki kupata dawa za minyoo zinapotolewa mwezi Juni na Desemba.

Wala sitaki kumtwisha mwalimu lawama peke yake. Sisi wazazi ndio tunaolipa ada na kudai daftari lililojaa, na mtoto akirudi na tope kwenye sare tunapiga simu kulalamika. Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, na ujifunzaji wa awali ni moja ya nguzo zake tano, lakini hakuna mpango utakaoingia darasani ikiwa mzazi mlangoni anauliza tu mtoto ameandika kurasa ngapi.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta nafasi ya Januari, kabla ya kulipa ada omba uingie darasani. Tazama kama vitu vya kuchezea vimewekwa kwenye kimo cha mtoto au vimefungiwa juu ya kabati ili visichakae. Uliza kama kuna mchanga, maji, udongo wa mfinyanzi, mbegu na vifuniko vya chupa, na ni nani anayewasimamia watoto wanapovitumia. Wakikujibu kwamba hapo watoto hukaa wametulia mikono ikiwa mezani, mshike mwanao mkono mtoke, mkatafute kwingine.