Fannie Lou Hamer alikuwa mkulima, tusisahau hilo

Kuna jambo limenikera kwenye mkutano wa kijiji kimoja huku Bahi na bado sijatulia. Mama mmoja kauliza mapato na matumizi, swali la kawaida kabisa, akajibiwa aache uanaharakati, hayo ni mambo ya wasomi wa mjini, yeye arudi shambani. Na watu wakapiga makofi! Mama wa watu akakaa chini.

Sasa jamani, mwanamke aliyeitikisa Marekani mwaka 1964 alikuwa mchuma pamba. Fannie Lou Hamer, mpigania haki ya weusi kupiga kura, mtoto wa 20 kwao, wazazi wanalima shamba la watu kwa kugawana mazao kule Mississippi, kaanza kuchuma ana miaka 6 na shule akaiacha mapema. Mpaka anafika miaka 44 hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu mweusi ana haki ya kupiga kura. Alikuja kusikia kanisani kwenye mkutano wa vijana waliokuwa wanapigania haki za weusi, wakaulizwa nani yuko tayari kwenda kujiandikisha, akanyoosha mkono.

Tarehe 31 Agosti 1962 wakaenda watu 18 mpaka mji wa Indianola kujiandikisha. Mtihani wa kujiandikisha wakafelishwa, wakati wa kurudi polisi wakasimamisha basi, kosa eti rangi yake ya njano imezidi. Kufika nyumbani mwenye shamba anamtaka akafute maombi yake la sivyo ahame, naye akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana huyo, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku huohuo akaondoka, mume wake akalazimishwa kubaki mpaka mavuno yaishe. Miaka 18 pale shambani, basi, ikaishia hapo.

Wengi wakimwelezea wanakimbilia kipigo cha jela ya Winona 1963 kilichomharibu figo, au ushahidi wake wa 1964 kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic kule Atlantic City, ule ambao Rais Johnson aliitisha waandishi ghafla ili kamera zimkimbilie yeye na mama asionekane (na jioni televisheni zikamrusha hivyohivyo). Hayo ni makubwa, sibishi. Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba alielewa njaa inavyomfunga mtu mdomo. Kaunti ya Leflore, palepale jirani, walikata chakula cha msaada majira ya baridi ya 1962 kwa sababu weusi wameanza kujiandikisha, yaani ukitaka kura watoto wako walale njaa. Ndo maana mwaka 1969 akaanzisha shamba la ushirika, eka 40 za kwanza, watu walime chakula chao, na familia zikawa zinapewa nguruwe jike, akizaa unarudisha baadhi ya watoto wake wapewe wengine. Sisi huku si tunaijua hiyo, kopa ng'ombe lipa ng'ombe! Alikuwa akisema mwenye akiba ya mboga za msimu wa baridi hakuna wa kumsukuma wala kumpangia la kusema, nami nilipoisoma nikawaza mlenda tunaoanika kila mwaka.

Haya, ushirika haukudumu, hela ziliisha na yeye akaugua, akafariki 14 Machi 1977 ana miaka 59. Nakubali. Lakini fikiria mama wa Kigogo anayelima kibarua mwezi wa pili, ghala tupu, analipwa debe la mtama, na mwenye shamba ni ndugu wa mwenyekiti wa kijiji. Huyo utamwambia ajiamini asimame aulize? Anajiamini sana tu, anawaza watoto watakula nini kesho.

Kwa hiyo ninyi mnaoendesha semina za haki za wanawake kwenye kumbi za Dodoma mjini, elimu tumeipokea na tunashukuru kwa dhati, sasa njooni vijijini na mbegu na mbuzi wa kukopeshana. Mvua zikianza Desemba tunapanda, hela ya mbegu inatakiwa kabla ya hapo.