Msiniambie betri ni kubwa, niambieni inajaa kwa muda gani

Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilitoka Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nimembebea mama simu mpya. Bei haikufika laki 3. Muuzaji alinisifia mambo mawili tu, na yote mawili yameandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara: betri 5,000 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), chaji ya haraka wati 18. "Kaka, hii ukisafiri chaja unaiacha nyumbani."

Mama yuko Muheza. Amezoea kitochi chake kinachokaa siku nne bila kuomba chaji, na akiambiwa habari za simu janja kitu cha kwanza anachouliza ni hicho hicho. Kamera hana shida nayo. Anachotaka ni kuwaona wajukuu, na simu isimzimikie katikati ya maneno. Umeme wa kwake ukiondoka hauagi, na ukirudi haujulikani utakaa muda gani.

Nilipofika nyumbani Chamazi nikatoa chaja kwenye boksi, nikaigeuza, nikasoma yale maandishi ya kijivu ambayo hata mwenye macho mazima anahitaji tochi. Volti 5, ampea 2. Zidisha: wati 10. Boksi linasema 18, chaja iliyolala ndani ya boksi hilo hilo inasema 10. Ukienda kulalamika utaambiwa simu "inaweza kupokea" wati 18, na kweli inaweza. Ni kuuziwa pipa ukakabidhiwa na kikombe cha kujazia. Hapo nikaamua simu haiendi Muheza kabla sijakaa nayo wiki nzima.

Watu wanaopima simu mtandaoni wana mtindo wao. Mwanga wa skrini nusu, Wi-Fi ya ofisini, video moja inazunguka mpaka simu izime, kisha wanakutajia saa. Siwalaumu, ukitaka kulinganisha simu kumi juu ya meza moja hiyo ndiyo njia ya haki. Lakini hiyo meza haipo Muheza wala haipo kwenye daladala ya Mbagala. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja: umeme ukirudi kwa saa moja tu, mama atapata dakika ngapi za wajukuu?

Nilianza na usiku, maana usiku simu inadhaniwa imelala. Niliiacha na asilimia 80 saa 4 usiku, data imewashwa, laini mbili ndani, nikaiangalia saa 12 asubuhi. Nyumbani kwangu, ambako mtandao ni kijiti kimoja na chenyewe kinasitasita, nilikuta 67. Usiku uliofuata nilikuwa kwa dada Kijitonyama, mtandao umejaa, nikakuta 75. Wa tatu, Chamazi tena, nikaiweka kwenye hali ya ndege: 78. Simu ni ile ile na betri ni ile ile. Ikiwa mbali na mnara simu hupandisha nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, kama mtu anayeongea na jirani aliye ng'ambo ya mto, na ikipoteza mtandao inahangaika kuutafuta upya. Yaani ukikaa pembezoni, betri yako ni ndogo kuliko ya mwenzako wa mjini, hata kama mmenunua duka moja siku moja.

Kupiga video kwa WhatsApp kulikula asilimia 13 kwa saa nikiwa Kijitonyama na 17 nikiwa kwangu. Jua nalo lina lake. Ukiwa kituoni mchana skrini haionekani mpaka uisukume mwanga wote, na ukiisahau hivyo hivyo ukaingia ndani, jioni huna kitu.

Basi, kutumia ni hivyo. Kuchaji ndiko kulikonishangaza.

Nina kimita cha USB, kidude cha kuchomeka kati ya chaja na waya kinachoonyesha volti na ampea. Si ghali, na kila fundi simu anakijua. Nilianzia asilimia 10 kila mara, nikaipa simu dakika 60 kamili kwa saa ya ukutani, nikachomoa. Kwa chaja na waya wa kwenye boksi ilifika 51. Nikaazima chaja ya wati 18 kwa jirani: 72. Halafu nikachukua waya ule tunaoutumia sote, ule wa barabarani uliosukwa vizuri wenye rangi ya kuvutia, nikauchomeka kwenye chaja ile ile ya boksi. Kimita kikaonyesha ampea 0.9, na volti zilizofika kwenye simu zimeshuka hadi 4.6. Baada ya saa nzima: 28.

Rudia hizo namba kwa lugha ya mama. Saa moja ya umeme kwa waya mzuri ni kama saa tatu za kuongea na wajukuu kwa video. Saa hiyo hiyo kwa waya wa kupendeza haifiki hata saa moja na nusu. Betri haijabadilika, wala simu. Ndani ya ule waya shaba ni nyembamba kama unywele, na waya mwembamba unazuia umeme, sehemu inapotelea njiani kama joto. Simu ikiona volti zinaporomoka, inajipunguzia yenyewe inachovuta. Unaweza kununua simu ya laki 3 ukainyonga kwa waya wa buku mbili.

Kitu kingine ni kwamba betri haijai kwa mwendo mmoja. Ukiitazama kwenye kimita ni kama daladala kituoni. Mwanzoni watu wanaingia mbio, kila mtu anapata kiti. Ikikaribia kujaa konda anapiga kelele "sogea nyuma", na anayeingia anaingia kwa ubavu. Kwa ile chaja ya wati 18, kutoka 80 hadi 100 kulichukua dakika 45, muda ambao huku chini ungekupa nusu ya betri. Hilo si hitilafu, ndivyo betri za lithiamu zinavyotakiwa kujazwa, la sivyo zinaumia. Lakini anayejua hili, umeme ukiwa wa kubahatisha, hangoji 100. Akifika 80 anamwachia mwingine soketi.

Nina rafiki wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu, simu yake kaifunga kwenye usukani, waya umetoka kwenye betri ya pikipiki. Nilimpa ile simu siku moja aitumie kama anavyotumia yake. Saa 8 mchana akanitumia picha: skrini ina alama ya pembetatu na maneno kwamba joto limezidi, kuchaji kumesimama. Alikuwa amesimama taa za Veta, jua la Dar la mwezi wa pili kichwani, ramani imewashwa, mwanga wote, na waya umechomekwa. Betri za aina hii kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi joto 45, na simu ya plastiki nyeusi juani inafika huko bila kujitahidi. Akaitia kwenye mfuko wa koti dakika kumi, akasimama chini ya mwarobaini, ikakubali tena. "Simu zote zinafanya hivi," aliniambia. "Mi nilidhani ni waya." Anayenunua simu kwa ajili ya kazi kama yake hana haja na ile namba ya boksi kabisa, aulize inavumilia joto kiasi gani. Ila nani atamjibu?

Muuzaji alinipa ushauri mmoja wa bure: simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kuwashwa. Ushauri huu ni mtu mzima sasa, unastahili shikamoo. Ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilitoka na betri ya aina hiyo, ya 900 mAh, na hizo kweli zilitaka kushibishwa vizuri mwanzoni. Lithiamu haina habari hiyo. Inayoichosha ni joto, na kuachwa imekauka hadi sifuri mara kwa mara. Na kwa wapangaji wanaogombania LUKU kwa sababu ya chaja za simu: unit moja inajaza simu kama hii mara 40 hivi. Muulizeni mwenye pasi.

Pawabanki nazo zisituzuge. Ile ya 10,000 mAh haiijazi simu ya 5,000 mara mbili. Hiyo 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani yake, lakini kinachotoka kwenye tundu ni volti 5, na kule kupandisha kuna kodi yake. Ukipata mara moja na kitu kidogo juu, umepata halali yako.

Kinachoniudhi ni kwamba taarifa ninazozitaka zipo, ila hazitufikii. Tangu Juni 20, 2025, simu inayouzwa kwenye nchi za Umoja wa Ulaya lazima iwe na lebo inayoonyesha chaji inakaa saa ngapi kwa kipimo kimoja cha wote na betri itahimili kujazwa mara ngapi, na sheria inadai baada ya mara 800 betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake. Kwetu, ukinunua nyama kilo moja, mizani ya mwenye bucha inakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ukinunua 5,000 mAh unaamini boksi. Mimi singeomba lebo nzima ya Ulaya. Ningeomba mstari mmoja tu ubavuni mwa boksi: *kwa chaja iliyomo humu, dakika 60 zinakupa asilimia kadhaa.* Kampuni itakayoaibika kuuandika itaweka chaja ya maana.

Nitasema na mazuri yake, maana simu si mbaya. Kwa matumizi ya mama ilifika siku ya pili jioni bila chaja. Haikupata joto ikichajiwa ndani kivulini. Kosa lake ni asilimia zake, zinadanganya kidogo: inakaa kwenye 100 kwa muda kama imegandishwa, kisha ikifika 15 inateremka mbio hadi 4. Nilimwandikia mama kwenye karatasi kwamba 15 aihesabu kuwa imeisha.

Niliituma kwa basi pamoja na chaja ya wati 18 niliyoinunua pembeni, na waya mfupi mnene ambao nimeufunga utepe mwekundu ili mtu asiuazime. Jumapili nikapiga.

"Shikamoo mama. Simu inakaa na chaji?"

"Marahaba mwanangu. Inakaa mno. Leo siku ya tatu."

Siku ya tatu! Nikamuuliza anafanyaje.

"Nikimaliza kuongea na nyie naizima. Kwani kuna mtu mwingine ananitafuta?"

Na waya?

"Ule wenye utepe nimeuweka kabatini usiharibike. Natumia wa binti wa jirani, mzuri, una rangi rangi."