Hausigeli wa kwetu Makorora, na mimi niliyeko Coventry

Kazi ninayofanya hapa Coventry, Uingereza, ndiyo aliyokuwa akiifanya hausigeli wa kwetu Makorora, Tanga. Naogesha wazee, nawabadilisha nguo, nawalisha uji, natandika vitanda. Ila mimi nalipwa kwa saa, na kima cha chini kilipopanda Aprili 2025 hadi pauni 12.21, sikumpigia mtu magoti. Nilikikuta tu kwenye hati ya mshahara.

Yeye aliletwa kutoka Lushoto, binti wa miaka kama kumi na mitano, akalala stoo pamoja na magunia ya unga. Aliamka kabla ya adhana kukanda maandazi ya mama ya kuuza, na usiku ndiye aliyefunga mlango wa uani. Mshahara wake ulitajwa siku ya kwanza mbele ya mjomba wake, haukutajwa tena. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa "anamwekea". Siku mafuta ya maandazi yalipommwagikia mkononi alipakwa dawa ya meno. Wiki mbili zikapita kidonda hakijakauka, akapandishwa basi la kwao na khanga mpya. Mama aliona amefanya ihsani. Na mimi niliona hivyo hivyo. Nilikuwa darasa la saba.

Mwaka jana niliteleza bafuni kwa mzee mmoja nikateguka kifundo cha mkono. Machozi hayajanikauka, msimamizi keshaleta daftari la ajali: saa ngapi, mahali gani, sakafu ilikuwaje. Nikapewa kazi nyepesi mpaka mkono ukapona. Usiku ule nilimwota yule binti.

Nikisimulia haya watu hunijibu kwamba wenzetu wana sheria. Jamani, na sisi tunazo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, uzazi siku 84 zenye malipo, na haikumtupa nje mfanyakazi wa ndani. Amri ya mishahara ya 2022 ilimtaja waziwazi: anayelala kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi. Mkono ukiungua leo, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mimi huku, ukiacha bima ya taifa, pensheni yangu ya kazini ni asilimia 8, na ya mwajiri humo ni 3 tu. Kwa maandishi, Makorora inaishinda Coventry.

Lakini nani atabisha hodi? Mkaguzi wa kazi anaingia kiwandani, anaingia hata shamba la mkonge. Jikoni kwa watu haingii. Na aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Binti wa kwetu siku hizo 30 alikuwa milimani anauguza mkono.

Wala huku si peponi. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri aliyenidhamini. Akinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, kwa kawaida napewa siku 60 nipate mwingine au nifungashe. Nawajua wanaokatwa saa zao na wanakaa kimya, maana waliowaleta ni madalali na deni halijaisha. Babu yangu alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge, akapewa kipande cha kuhesabia siku zake za kazi. Mara nyingine nikiitazama viza naona kipande cha babu.

Lipo neno moja silitaki tena kulisikia: "Tunakaa naye kama mwanetu." Mwanetu tulimpeleka shule. Mwanetu akiungua hapandishwi basi. Hata hivyo simlaumu mama kirahisi. Mwenyewe aliuza maandazi miaka ishirini bila mfuko wowote, na alipougua tulichangishana kwa simu. NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, lakini mwenye kuhesabu faida ya sinia moja jioni hafikirii uzee.

Juzi dada yangu kaniambia amepata binti wa kazi. Nikamwambia muandikiane. Akacheka: "Uzungu huo! Haya, andika wewe." Nikaandika ukurasa mmoja wa daftari: mshahara, siku ya mapumziko, mchango wa NSSF ambao fungu la mwajiri nitalituma mimi. Nikaupiga picha, nikautuma. Dada akamsomea yule binti kwa sauti, simu iko wazi, nasikia na sufuria zikigongana. Alipomaliza, binti akauliza swali moja tu:

"Kwa hiyo Jumapili nikienda kwa shangazi, sikatwi?"